Mla Ndoto Mbaya

Alasiri moja, nikiwa darasani katika kipindi cha utungaji, nilimwona mwanafunzi mmoja ameinamisha kichwa kuliko ilivyostahili kazi niliyowapa. Nilimwendea polepole, nikainua daftari lake, na chini yake nikakuta kitabu kidogo kilichojaa picha nyeusi na nyeupe. Nilikichukua, kama ilivyo desturi ya walimu. Nia yangu, nakiri, ilikuwa kusoma kurasa tatu nne tu usiku ule, kusudi kesho yake nipate maneno ya kukilaani mbele ya darasa. Nilikifungua baada ya chakula cha usiku. Nilipokiweka chini, jogoo wa kwanza alikuwa akiwika. Kesho yake nilikirudisha kwa mwenyewe bila laana yoyote, nikamwuliza kwa sauti ya chini kama anayo juzuu ya pili.

Makala haya ni malipo ya deni langu kwa mwanafunzi yule. Nilitaka kukihukumu kitabu kabla ya kukisoma, na hilo ni kosa ambalo mhakiki hana ruhusa ya kulitenda. Sasa nimekisoma, na yafaa niseme nilichokiona ndani yake, kizuri na kibaya.

Kwanza tufahamiane juu ya jina. Wajapani huziita hadithi za picha manga. Neno hilo lisimdanganye msomaji wa Kiswahili, ambaye kwake Manga ni nchi ya Waarabu wa Omani, na pilipili manga ni kiungo cha pilau. Ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, kama wasafiri wawili wa jina moja katika chombo kimoja. Manga ya Kijapani ni hadithi iliyochorwa katika miraba, na maneno ya wasemaji huwekwa ndani ya viputo karibu na vinywa vyao. Tena kitabu chake hufunguliwa upande ambao sisi huuita wa nyuma, na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mwanafunzi aliyepata kusoma msahafu, au aliyeona tenzi za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hatapata taabu hapo. Mkono wake unaijua njia hiyo.

Hadithi ninayoizungumzia huitwa kwa Kijapani Yumekui Kenbun, nayo ni kazi ya Shin Mashiba, mtunzi na mchoraji. Hadithi nzima ina juzuu 9. Tafsiri yake ya Kiingereza ilianza kutolewa Marekani mwaka 2008 kwa jina la Nightmare Inspector, yaani Mkaguzi wa Majinamizi. Mambo yake yamewekwa katika Japani ya zamani za Taisho, na mhusika wake mkuu si mtu bali ni kiumbe aitwaye baku, ambaye chakula chake ni ndoto.

Muundo wa hadithi ni mwepesi kueleza. Upo mkahawa wa chai uitwao Ginseikan, maana yake Nyumba ya Nyota ya Fedha, unaotunzwa na msichana jina lake Mizuki. Ndani ya mkahawa huo anakaa Hiruko, ambaye kwa kumtazama utamdhania kuwa kijana mwembamba, mtulivu, asiye na maneno mengi. Watu huja hapo si kwa ajili ya chai. Huja kwa sababu hawalali. Kila mmoja amefuatwa na ndoto mbaya usiku baada ya usiku, naye hana tena pa kukimbilia. Hiruko husikiliza, kisha hukubali kuingia ndani ya ndoto ile na kuichunguza, kwa sharti moja: kazi ikiisha, ndoto ni yake, ataila. Hataki fedha. Ndoto yenyewe ndiyo ujira, na ndiyo riziki.

Lugha yetu ina neno zuri kwa jambo linalowapata wateja wale. Sisi husema mtu amepatwa na jinamizi. Neno hilo halitaji ndoto peke yake. Wazee walilitaja kama kiumbe, kitu kinachomjia mtu usingizini, kikamkalia kifuani, kikambana pumzi hata akataka kupiga kelele na sauti isitoke. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili huingia katika kitabu hiki akiwa amekwisha kuelewa nusu ya jambo: kwamba ndoto mbaya yaweza kuwa na mwili, na ina uzito. Nusu ya pili ndiyo ngeni kwake. Sisi tunaye kiumbe anayeleta ndoto mbaya. Wajapani wanaye anayeila.

Kiumbe huyo hakubuniwa na Mashiba. Ni mzee sana, wala hakuzaliwa Japani. Mshairi wa Uchina Bai Juyi, aliyezaliwa mwaka 772 na kufa mwaka 846, ameandika kwamba alisumbuliwa na maradhi ya kichwa, na alipolala alikinga kichwa chake kwa kiambaza kidogo. Akamwomba mchoraji amchoree juu ya kiambaza hicho mnyama ambaye picha yake ilisemekana kufukuza maovu. Mnyama yule ana mkonga wa tembo, macho ya kifaru, mkia wa ng'ombe na miguu ya chui milia, na chakula chake ni chuma na shaba. Alipovuka bahari na kufika Japani, kazi yake ikageuka kidogo kidogo, akawa mla ndoto. Watu walimchora juu ya mito ya kulalia. Mwaka mpya ulipoingia, wengine waliweka chini ya mto picha ya jahazi la hazina, na juu ya tanga lake imeandikwa herufi ya jina la baku, ili ndoto ya kwanza ya mwaka iwe njema. Katika hekalu la Toshogu huko Nikko, lililojengwa katika karne ya 17, amechongwa kwenye mbao za jengo lenyewe. Leo jina lake hutumiwa pia kumwita mnyama wa kweli, yule mwenye pua iliyorefuka kama mkonga mfupi, akaaye katika misitu ya Malaya na ya Amerika ya Kusini.

Basi, Mashiba amerithi zimwi lenye heshima. Swali la mhakiki ni hili: amelifanyia nini? Maana kurithi si sifa. Mtoto aliyeachiwa shamba husifiwa kwa alichopanda, si kwa mipaka aliyoikuta.

Ili tulijibu swali hilo, tutazame watunzi wawili waliomtangulia. Wa kwanza ni Lafcadio Hearn, aliyezaliwa Ugiriki mwaka 1850, akafika Japani mwaka 1890, akaoa huko, akawa raia wa nchi ile kwa jina la Koizumi Yakumo, akafa mwaka 1904. Katika kitabu chake cha mwaka 1902 kiitwacho Kotto, mna kisa kifupi cha baku. Anaeleza kwanza kwamba mtu aliyezindukana na ndoto mbaya alipaswa kumwita baku mara tatu aile, nayo hugeuka kuwa heri. Kisha anasimulia kwamba usiku mmoja wa joto kali, baku mwenyewe aliingia kwa dirishani, akamwomba chakula.

Msimulizi anayo ndoto ya kumpa, na ni ndoto ya kutisha kweli. Amejiona amesimama katika chumba kikubwa cheupe, na mbele yake, kitandani, umelala mwili wake mwenyewe, umekufa. Wanawake asiowajua wamekaa kimya kuuzunguka, kisha mmoja baada ya mwingine wanaondoka, anabaki peke yake na maiti yake. Maiti ile inafumbua macho. Inamrukia, inamwuma, inamrarua. Naye anapata shoka mkononi, hajui limetoka wapi, anaipiga hata inakuwa bonge lisilo na umbo. Anamsihi baku aile ndoto hiyo. Baku anakataa! Anasema ile si ndoto mbaya hata kidogo, bali ni ndoto ya bahati kubwa, kwa kuwa shoka lile ni mafundisho ya Buddha, na kilichouawa ni ile nafsi ya mtu inayojipenda yenyewe. Kisha anatoka dirishani, anaruka juu ya mapaa ya nyumba kama paka, anakwenda zake.

Tazama jinsi kisa hicho kifupi kilivyo na akili. Mwenye ndoto hakujua alichokiota. Aliona hofu, akataka iondolewe. Mla ndoto ndiye aliyeona maana. Hearn ametufundisha kwamba si kila kinachotutisha usiku ni adui yetu.

Mtunzi wa pili ni Natsume Soseki, mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa Japani mpya. Mwaka 1908 alitoa katika gazeti la Asahi visa 10 vya ndoto, kila usiku na kisa chake. Katika usiku wa tatu, mtu anatembea gizani katikati ya mashamba ya mpunga, amembeba mgongoni mtoto wa miaka 6. Ni mtoto wake, naye ni kipofu. Lakini anasema kama mtu mzima, na anajua kila kitu kilicho njiani kabla baba yake hajakiona. Baba anaogopa. Anawaza kumtupa katika msitu ulio mbele. Mtoto anamwongoza hata chini ya mti mmoja mkubwa, kisha anamwambia kwamba ni hapo, miaka 100 iliyopita, ulipouawa mtu. Papo hapo baba anakumbuka kwamba katika usiku wa giza kama ule alimwua kipofu chini ya mti ule, na mtoto aliye mgongoni anakuwa mzito kama sanamu ya mawe.

Sijui kisa kingine kilichosema kwa maneno machache kama haya jinsi hatia inavyobebwa. Mtu yule hakumbebi mtoto. Anabeba tendo lake, na uzito anaousikia ni wa kukumbuka.

Sasa turudi katika mkahawa wa Nyota ya Fedha, maana tumekwisha kupata mizani ya kumpimia Mashiba. Kwa Hearn, ndoto mbaya ina maana iliyofichika. Kwa Soseki, maana hiyo aghalabu ni jambo ambalo mwotaji analijua na amelifukia. Mashiba ameyachukua mawazo hayo mawili akayatia katika umbo la hadithi ya upelelezi. Mteja huja kama watu wajavyo kwa mpelelezi: kuna siri, kuna dalili, kuna mahali pa tukio. Ila hapa mahali pa tukio ni ndani ya kichwa cha mteja mwenyewe, na mara nyingi mtu anayetafutwa ndiye huyo aliyeleta mashtaka. Sitasimulia visa vyenyewe kimoja kimoja, kwa sababu kisa cha upelelezi kikifichuliwa kimekufa, nami sitaki kuwa mwuaji. Lakini umbo lake ni hili: mtu anakuja akisema, niondolee kitu hiki kinachonitesa, anaingizwa tena katika ndoto yake, safari hii ana mwenziwe, analazimika kutazama pale alipokuwa akifumba macho, na akisha kutazama, ndipo baku anakula.

Hapo ndipo ilipo thamani ya kitabu hiki, na ndilo jambo moja ninalotaka msomaji aondoke nalo. Hiruko hali ndoto isiyochunguzwa. Kama angekuwa baku wa kwenye mto, ambaye huitwa mara tatu akaja akala akaondoka, wateja wake wangelala usingizi mnono na kuamka wajinga kama walivyolala. Mashiba hakuwapa nafuu ya rahisi namna hiyo. Amesema, kwa picha na kwa vitendo, kwamba hofu haiondoki kwa kufukuzwa, bali kwa kujulikana. Nasi tunayo methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kitabu hiki kimenifundisha kuigeuza: zimwi ulijualo ndilo lisilokula likakumaliza. Lile tulilolipa kisogo ndilo linalotukalia kifuani.

Tena mtunzi hakuogopa kusema kwamba kujua kuna gharama. Wateja hawatoki wote wakicheka. Wapo wanaogundua kwamba ndoto waliyotaka iliwe ndiyo kitu cha mwisho kilichowaunganisha na mpendwa wao, na wapo ambao ukweli umewaumiza kuliko jinamizi. Mwandishi mwenye haraka ya kupendwa angeliwaponya wote. Mashiba ameacha baadhi yao na kidonda, lakini sasa ni kidonda kinachoonekana, nacho kinachoonekana chaweza kutiwa dawa.

Kwa nini mambo haya yakawekwa katika zamani za Taisho? Zamani hizo zilianza mwaka 1912, alipokufa mfalme wa Meiji, zikaisha mwaka 1926. Ni miaka michache, lakini ilikuwa kama chumba chenye milango miwili. Kwa mlango mmoja walikuwa wakitoka babu na nyanya, na kimono zao, na mizimu yao, na mito yao yenye picha ya baku. Kwa mlango wa pili ziliingia taa za umeme, sinema, kofia za Ulaya, mikahawa ya kahawa, na kutoka mwaka 1925, redio. Mwaka 1923 Edogawa Ranpo alitoa kisa chake cha kwanza cha upelelezi, na fani hiyo ikapata mkuzaji wake mkubwa katika Kijapani. Mwaka huo huo, tarehe 1 Septemba, tetemeko la ardhi na moto uliofuata viliangamiza sehemu kubwa ya Tokyo na Yokohama, na watu zaidi ya 100,000 walikufa.

Katika miji kama ile, mtu aweza kuvaa saa mfukoni na bado akaogopa anachoota. Ndiyo sababu baku anayefanya kazi ya upelelezi katika mkahawa hatushangazi kupita kiasi. Yeye mwenyewe ni mkutano wa zama mbili: zimwi la kale katika kazi mpya. Mtunzi angeliweza kumweka katika Japani ya mabwana wa upanga, au katika Tokyo ya siku zetu. Lakini kule kwa kwanza asingekuwa na haja ya kuchunguza, na huku kwa pili nani angemwamini? Wakati uliochaguliwa ni wakati wa watu waliokuwa hawajaamua bado waamini nini.

Neno juu ya picha. Wako wanaosema kwamba hadithi ya picha ni chakula cha wavivu, kwa sababu mchoraji amemfanyia msomaji kazi ya kuwaza. Nilikuwa mmoja wao. Sasa naona kwamba kuhusu ndoto, picha ina haki ambayo maneno hayana. Anayesimulia ndoto kwa maneno hulazimika kusema, ilikuwa nyumba yetu lakini haikuwa nyumba yetu; alikuwa mama lakini alikuwa na uso wa mtu mwingine. Tukisikia hivyo tunachoka, maana ndoto ya mtu mwingine ikisimuliwa hupoteza nguvu yake. Mchoraji hasemi, ilikuwa kama. Huchora, na kitu kikawa. Tena kati ya mraba na mraba mna nafasi tupu, na katika nafasi ile msomaji huvuka peke yake bila daraja, kama vile mwotaji anavyovuka kutoka chumbani hadi baharini bila kufungua mlango. Kazi ya kuwaza haikuondolewa. Imehamishwa, imewekwa katika mianya.

Nimesifu vya kutosha. Mhakiki anayesifu tu ni mpiga zumari wa harusi. Kitabu hiki kina upungufu, nami nitataja mambo matatu.

La kwanza ni haraka. Visa vingi ni vifupi, na mteja anapokuja hatujapata nafasi ya kumjua kabla siri yake haijaanza kufunuliwa. Matokeo yake ni kwamba mara nyingine ukweli unapofichuliwa tunashangaa lakini hatuhuzuniki. Mshangao ni mali ya akili, huzuni ni mali ya moyo, na moyo huhitaji muda kuliko akili. Soseki ametumia kurasa chache kuliko Mashiba, lakini hakutuletea mgeni; alimpandisha mtoto yule mgongoni mwetu kutoka mstari wa kwanza.

La pili ni kwamba zamani za Taisho zimetumiwa zaidi kama pambo kuliko kama maisha. Nguo ni nzuri, vyombo vya chai ni vizuri, taa zinang'aa. Lakini ilikuwa pia miaka ya njaa na hasira. Mwaka 1918 bei ya mchele ilipanda hata wake za wavuvi wa Toyama wakaanza kupinga, na ghasia zikaenea nchi nzima mpaka serikali ikaanguka. Watu wale nao walilala, nao waliota. Ningalipenda kumwona Hiruko akiitwa mara nyingi zaidi katika nyumba isiyo na vyombo vya chai, akauonje usiku wa mtu aliyelala na njaa. Ndoto za maskini si chache, ila hazina muda wa kusimuliwa.

La tatu ni Hiruko mwenyewe, na hapa upungufu na uzuri vimechanganyika hata ni vigumu kuvitenga. Mpelelezi huyu anakula. Hasaidii watu kwa huruma. Anasaidia kwa kuwa ana njaa, na jinamizi likiwa baya zaidi kwa mteja, kwake ni chakula. Katika juzuu za mwanzo ubaridi huo waweza kumchosha msomaji, kwa maana tunaachwa mlangoni pa mtu asiyetukaribisha. Lakini jina lake ni dalili. Katika Kojiki, kitabu cha kale cha Wajapani kilichokamilishwa mwaka 712, Hiruko ni mtoto wa kwanza wa miungu Izanagi na Izanami, aliyezaliwa na kasoro. Wazazi wake wakamweka katika chombo cha matete, wakamwacha achukuliwe na maji. Msomaji wa Kijapani akilisikia jina hilo humkumbuka mtoto yule aliyetupwa. Na kweli, hadithi inavyokwenda mbele, inageuka kumchunguza mchunguzi. Aliyeingia katika siri za watu wote anaonekana kuwa naye ana siri, na yaliyopita ya Hiruko na ya Mizuki yanafunuliwa kama yalivyofunuliwa ya wateja.

Mgeuko huo ni wa haki. Isingefaa mla ndoto za watu aachwe bila kuulizwa yake. Daktari asiyekubali kupimwa hatumwamini, na mwalimu asiyekubali kusahihishwa hafundishi. Ninajuta tu kwamba imetupasa kungoja sana kabla ya kufika hapo.

Nikivipima vyote pamoja, nasema kwamba hiki si kitabu kikubwa kama kile cha Soseki, wala hakina ule mshituko wa hekima uliomo katika kisa cha Hearn. Lakini ni mtoto halali wa nyumba hiyo. Kimechukua jambo la kale, likiwa karibu kubaki pambo la mto, kikalirudishia swali lake: je, ni heri kunyang'anywa hofu, au ni heri kuielewa? Kwa swali hilo peke yake kinastahili kusomwa, na kusomwa kwa makini, juu ya meza na si chini ya daftari.

Nilipomrudishia mwanafunzi yule juzuu ya mwisho, nilimwuliza kitu alichokipenda zaidi. Nilidhani atataja picha, au zimwi lenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi napenda kwamba anaingia pamoja nao." Sikuelewa mara moja. Akaeleza: baku angeweza kuichukua ndoto akamwacha mtu nje, lakini sivyo afanyavyo, huingia naye, wakatazama wote wawili.

Niliandika katika makala haya mambo ya Uchina na ya Nikko, ya mwaka 712 na ya mwaka 1908, lakini sikuwa nimeliona hilo. Mtu akiwa peke yake mbele ya jinamizi hufumba macho. Akiwa na mwenziwe, hata mwenzi huyo akiwa zimwi lenye njaa, huweza kuyafumbua. Nami nadhani kitabu chema nacho hufanya kazi hiyo hiyo: hakituondolei usiku wetu, lakini huingia pamoja nasi.

Darasani sasa nina rafu ndogo ya vitabu vya picha. Anayetaka kuviazima hapaswi kuvificha.